Ameanguka mara moja: aendeshe tena?

Wamama wapendwa, wiki hii tuzungumze juu ya jambo ambalo nyumba nyingi zinaficha. Baba ni motari au shofa wa kamyo. Siku moja anaanguka, mwili unatetemeka, fahamu zinapotea. Kesho yake anajisikia vizuri, anaomba funguo, maana watoto wanapaswa kula.

Tunasema: asiendeshe kwanza. Kuanguka mara moja si lazima kiwe kifafa. Malaria kali, sukari kupungua katika damu, au mlevi kuacha pombe ghafula, vyote vinaweza kuleta hali hiyo. Lakini anaweza kuanguka tena, zaidi sana katika miezi ya kwanza. Uingereza, kwa kawaida mtu kama huyo anakaa miezi 6 bila kuendesha gari ndogo. Wa kamyo au basi, miaka 5.

Mama, mpeleke kwa daktari na uingie naye. Yeye hakumbuki kitu. Wewe ndiwe uliyeona. Eleza: ilianza namna gani, ilichukua dakika ngapi, aliuma ulimi?

Na chakula? Kama moto ni yake, ampe kijana anayeaminika aiendeshe na kuleta pesa ya siku. Kama ni ya patron, aombe kazi nyingine, kama kuhesabu mizigo depoti. Nasi katika likelemba tumpe mama huyo zamu ya mbele.

Tukumbuke: abiria anayebebwa nyuma ni mtoto wa mama mwenzetu.