Akina Bonheur na Hadithi Zinazowaandama

Raymond Bonheur, mchoraji na mwalimu wa kuchora kutoka Bordeaux, alizaa na mkewe Sophie watoto wanne, na wote wanne waliishi kwa sanaa. Rosa, Auguste na Juliette walichora, Isidore alichonga. Familia ya namna hii haikosi hadithi, na nyingi kati ya hizo ni tamu kuliko zilivyo za kweli.

Ya kwanza ni ile ya damu. Mwingereza Francis Galton, katika kitabu chake cha 1869 kuhusu vipaji vya kurithi, aliwataja akina Bonheur kuwa ushahidi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, basi. Sisemi damu haina neno. Lakini kama ingetosha, mbona baba mwenyewe hakuiamini? Rosa, mtoto wa kwanza, alipelekwa kwa fundi akajifunze kushona. Ushonaji ulipomshinda, na shule nazo zikamshinda, ndipo Raymond alipomwingiza kwenye karakana yake. Kuanzia hapo msichana alinakili picha za jumba la Louvre, akachora wanyama walio hai, kisha akaenda machinjio ya Roule kutazama misuli na mifupa ilivyoshikamana chini ya ngozi. Nyumbani palikuwa na kondoo, ghorofani kabisa, katikati ya Paris. Hata kusoma alijifunza kwa kuchora: alipokuwa mzito wa herufi, mama yake, Sophie, alimwambia achore mnyama kando ya kila moja. Wadogo zake wakakulia humo humo, kati ya penseli, rangi na mifugo. Galton alihesabu vichwa tu, karakana hakuihesabu.

Ya pili humpamba baba: kwamba ndiye mtetezi wa wanawake aliyewafungulia binti zake milango. Mlango aliufungua, hilo nakubali. Alikuwa mmoja wa wafuasi wa Saint-Simon, waliohubiri usawa wa mwanamke na mwanamume, na Rosa alimshukuru kwa mafunzo hayo. Ila mwaka 1832 Raymond aliingia kwenye makazi ya wafuasi hao huko Ménilmontant, wanaume watupu, akamwachia Sophie nyumba na watoto. Sophie alifundisha piano na kushona ili wapate kula. Alifariki mwaka 1833, Rosa akiwa na miaka 11, akazikwa kaburi la mafukara. Anayetaka kuandika jinsi usawa ulivyohubiriwa katika familia hii aandike pia nani aliyelipa gharama yake.

Kuhusu suruali ya Rosa yamesemwa mengi, hasa kwamba aliivaa ili kuuchokoza mji. Sheria ya Paris ya mwaka 1800 ilimtaka mwanamke apate kibali cha polisi kabla ya kuvaa mavazi ya kiume. Kibali cha Rosa cha 1857 kipo hadi leo: kilitolewa kwa sababu za kiafya, kilidumu miezi sita, na hakikumruhusu kwenda dansini wala kwenye tamthilia akiwa amevaa hivyo. Wachokozi hawaombi ruhusa ya serikali kila nusu mwaka. Mwenyewe alieleza kwamba gauni lilimsumbua machinjioni na kwenye soko la farasi, mahali pa wanaume na matope. Soko hilo ndilo lililozaa picha yake kubwa, iliyoonyeshwa mwaka 1853, yenye upana wa mita tano na ushei, ambayo sasa iko New York.

Kisha kuna wale wanaodai wadogo zake walikuwa kupe tu. Kwa bei, ni kweli hawakumfikia: mfanyabiashara Gambart alilipa faranga 40,000 kwa picha hiyo ya farasi. Lakini Auguste alikuwa mtu wa mandhari, na mabonde yake yana mwanga ambao dada yake hakuutafuta sana. Shule ya wasichana ya kuchora, aliyoiongoza baba yao hadi kifo chake mwaka 1849, Rosa aliiendesha akisaidiwa na Juliette hadi mwaka 1860. Nyingi kati ya sanamu za shaba za familia hii zina chapa ya Peyrol, ukoo alikoolewa Juliette. Ilikuwa biashara ya familia, na kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Wanaosema walishikamana hadi mwisho ndio waliokosea zaidi. Mwaka 1899 Rosa alipofariki, mali yake yote, pamoja na nyumba ya By karibu na Fontainebleau, alimwachia Mmarekani Anna Klumpke, mchoraji aliyeishi naye miezi yake ya mwisho. Jamaa zake walikasirika, na magazeti hayakunyamaza. Klumpke angeweza kutulia nyuma ya wosia huo. Badala yake alinadi kazi za marehemu huko Paris mwaka 1900, akawapa jamaa nusu ya mapato, akabaki na nyumba.