Usinionyeshe kichwa cha treni, nionyeshe mabehewa

Wasee, leo nina maoni ambayo hakuna mtu aliniomba. Modeli nyingi za reli zinazosifiwa mtandaoni ni uongo mtamu. Modeli ya ukweli, ile ningelipa nauli kwenda kuiona, ni ya treni mbaya kabisa: treni ya vifurushi na magazeti ya Uingereza.

Ngoja, usipitishe kidole bado.

Kwa wale hamjawahi kukutana na hii dunia, kuna watu huko Uingereza, wengi wao wazee wenye miwani na subira, ambao hujenga reli ndogo nyumbani. Si toi za kuzunguka chini ya meza. Ni miji mizima, na stesheni, taa, na mtu mdogo kama punje ya mchele ameshika kikombe cha chai. Kipimo maarufu kinaitwa OO: kila futi moja ya kitu halisi inakuwa milimita 4, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 76 hivi. Frank Hornby, mtu wa Liverpool, alianza kuuza treni zake 1920, na jina lake bado liko kwenye maboksi hadi leo.

Mimi nilifikishwa huko na video za usiku. Campus nilikuwa nishaacha, nahariri video zangu saa nane usiku, na mtandao ukaamua mimi ni mtu wa treni. Haukukosea.

Sasa shida iko hapa. Ukitazama hizo modeli, nyingi zina mpango ule ule. Kichwa cha treni kinachong'aa, mabehewa ya abiria yamefuatana rangi moja kama wanakwaya, jua limewaka, kila kitu safi. Manze, ni kama kujua ndoa ya mtu kwa picha za harusi. Picha si feki, lakini hapo hujaona nani huamka kuwasha jiko.

Reli ya Uingereza haikuwa abiria peke yake. Usiku, watu wakiwa wamelala, ilikuwa inabeba mzigo wa nchi: maua, viatu, vipuri, sanduku la nyanya ya mtu, na magazeti. Magazeti hasa. London inachapa usiku, na asubuhi mtu wa mji wa mbali anataka gazeti lake na chai. Umbali ulikuwa shida kubwa hadi Daily Mail likaanza kuchapwa Manchester pia mwaka 1900, ili watu wa kaskazini wasiletewe habari zilizopoa. Kutoka miji hiyo miwili treni zilitawanyika gizani. Baadhi ya mabehewa yalikuwa na meza ndani, na wafanyakazi walisimama wakipanga mafungu ya magazeti treni ikiwa mwendoni. Fungu hili la stesheni ya kwanza, hili la stesheni ya pili. Ukikosea, mji mzima unasoma gazeti kesho.

Haya, ukitaka kujenga treni hiyo kwa modeli, utagundua kwa nini wengi huikwepa. Haina sura moja.

Mwaka 1948 serikali ilichukua kampuni nne kubwa za reli ikazifanya shirika moja. Shirika likarithi mabehewa ya kila aina, na kwa kazi ya vifurushi hakuna mtu alijali yanafanana au la. Kuna behewa liitwalo BG, refu, lenye nafasi ya gadi na mizigo. Kuna GUV, refu pia, na CCT, fupi la magurudumu manne; haya mawili yana milango hata mwishoni, ili gari liweze kuingizwa ndani. Kuna PMV, fupi zaidi, la iliyokuwa Southern Railway. Na kuna langu la moyo, Siphon G la Great Western, ambalo lilijengwa kubeba mitungi ya maziwa, kuta zake zina nafasi za kupitisha hewa, na baadaye likaishia kubeba magazeti. Behewa la maziwa linabeba habari. Nani angetunga hiyo?

Sasa yaunganishe yote kwenye treni moja. Rangi nazo zimechanganyika. Shirika lilianza kupaka buluu mwaka 1965, lakini halikupaka kila kitu siku moja. Kwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1960 ungeweza kuona buluu, maruni, na kijani cha Southern kwenye treni moja, na juu ya rangi zote hizo, vumbi. Mabehewa ya abiria yalioshwa kwa sababu abiria analalamika. Kifurushi hakilalamiki.

Kichwa nacho? Chochote kilichokuwa karibu. Leo kichwa kilichotoka kuvuta abiria wa maana, kesho kizee cha kuvuta mawe.

Hapo ndipo nasema ukweli wa modeli unapimwa. Mtu anayenunua boksi la mabehewa sita yanayofanana, tena mapya, akayaita treni ya vifurushi ya 1970, ametengeneza kitu ambacho hakikuwepo. Anayetaka kuipata lazima afanye kazi ya upelelezi: atafute picha za wakati huo, ahesabu mabehewa moja moja, ajue lipi lilipita wapi na mwaka gani, kisha achukue modeli yake mpya ya bei ghali aipake uchafu kwa mkono wake. Tena uchafu wenyewe una kanuni. Wa breki unakaa chini karibu na magurudumu na una wekundu wa kutu. Wa paa ni mweusi. Pale mikono ya watu ilipozoea kushika mlango, kuna alama yake.

Na kitu kingine: isimamishe. Treni ya magazeti inayozunguka meza bila kusimama ni mapambo. Ile ya kweli ilisimama stesheni muda mrefu kuliko ya abiria, milango ikafunguka, mizigo ikashuka. Kuanzia miaka ya 1960 kulikuwa na matoroli ya chuma ya buluu yaliyoitwa BRUTE, yamejaa kila stesheni. Behewa moja linakatwa, linasukumwa pembeni, treni inaendelea bila lenyewe. Hiyo dakika ya kukata behewa ina hadithi zaidi ya mizunguko mia.

Najua mtu ana swali la nafasi. BG moja ilikuwa futi 57, kwa kipimo cha OO ni kama sentimita 23. Kumi zinapita mita mbili, na chumba chako ni bedsita. Basi changanya. CCT ilikuwa futi 37, sawa na sentimita 15 hivi, na PMV futi 32, sentimita 13. BG tatu na fupi nne zinakaa karibu mita moja na robo, na kwa bahati nzuri huo mchanganyiko ndio ukweli wenyewe. Hii ndiyo treni pekee ambapo kukosa pesa ya seti kamili kunakusaidia. Okota behewa hapa, nunua la mitumba pale, unganisha.

Lakini sababu yangu kubwa si rangi wala urefu. Ni mwaka.

Januari 1986, kampuni ya Rupert Murdoch ilihamisha uchapishaji wa magazeti yake manne, The Times, The Sunday Times, The Sun na News of the World, hadi kiwanda kipya Wapping, mashariki mwa London. Wafanyakazi karibu 6,000 waligoma, wakafutwa. Mgomo ulidumu hadi Februari 1987, wakashindwa. Na magazeti hayo manne hayakurudi kwenye treni. Yalipakiwa kwenye malori, yakatokea getini usiku mbele ya watu waliokuwa wamepoteza kazi. Wengine nao wakafuata barabara, na Julai 1988 treni ya mwisho ya magazeti ikatembea. Basi. Kazi ya zaidi ya miaka mia ikazimwa kama taa.

Sasa rudi kwenye modeli yako. Umeweka mafungu ya The Sun kwenye jukwaa la stesheni, saa kumi alfajiri, mtu mdogo wa plastiki anayapanga. Umeandika 1987? Umefuta mgomo bila kujua. Umewarudishia watu kazi ambayo walikuwa wamenyang'anywa. Umeandika 1985? Sawa, umesema kweli, na huyo mtu wa plastiki hajui kinachomjia. Fungu la karatasi lenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti linabeba uzito huo wote. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia hii ni michezo ya watoto.

Kuna mtu atasema, buda, ni hobi, mwache afurahie kichwa chake kinachong'aa. Nakubali, hela ni zake na meza ni yake. Mimi silazimishi raha ya mtu. Lakini usiandike "realistiki" kwenye kichwa cha video kama umechagua tu siku nzuri. Ukisema ni ukweli, tukubaliane ukweli una vumbi na una mtu wa zamu ya usiku.

Tena angalia nani hukumbukwa. Treni ya posta ilitengenezewa filamu, Night Mail, mwaka 1936. Mwaka 1963 majambazi wakavamia treni ya posta kutoka Glasgow wakatoroka na pauni zaidi ya milioni mbili, na hadi leo inasimuliwa. Treni ya magazeti haikupata hata mwizi wa maana. Ilipita gizani, na mpiga picha gani atakesha kwenye baridi kupiga behewa la magazeti? Ile iliyopata umaarufu kwa wapiga picha ilikuwa ile ya kurudi: mabehewa matupu kutoka Newcastle kwenda Manchester mchana, mstari mrefu wa kila aina na kila rangi, mara nyingi na vichwa viwili mbele. Yaani treni iliyopigwa picha sana ni ile isiyokuwa na mzigo. Ile iliyofanya kazi yenyewe, tunaijua kidogo. Ndiyo sababu mzee anayekaa miezi akijenga ile ya usiku, na taa hafifu na mlango mmoja wazi, kwangu mimi ni mwanahistoria. Hana digrii ya hiyo kazi, kama mimi tu, na anaifanya.

Sasa lile swali lingine, nalisikia tayari: hii ni reli ya wazungu, inatuhusu nini?

Mwaka 1963 reli ya Uingereza ilianzisha huduma iliyoitwa Red Star. Ulipeleka kifurushi chako stesheni, kikapakiwa kwenye treni fulani ya abiria, na mtu wako akakingoja stesheni ya upande ule. Umeshatambua? Ni basi ya usiku. Ni ile "nimeituma na ya saa tatu, mwambie achukue pale stage asubuhi." Ni boksi lenye jina na namba ya simu kwa maka peni, ni gunia la mahindi kutoka kwa shosho, ni simu ya mtoto wa chuo iliyosahauliwa nyumbani. Red Star iliuzwa 1995, na leo mtu akitaka kuijenga anahangaika kutafuta picha za kaunta yake.

Sisi yetu bado iko hai, na hakuna mtu anaiangalia. Vijana wa Nairobi wanaotengeneza matatu ndogo za kadibodi ni wakali, nawaheshimu sana, lakini wengi hutengeneza nganya: grafiti, taa, spika. Kichwa kinachong'aa tena. Sijaona mtu ametengeneza ile basi iliyochoka, matope hadi dirishani, buti wazi, jamaa ameinama ndani akisukuma gunia kwa goti. Gari la magazeti linalotoka mjini usiku, ambalo kila dereva wa barabara kuu analiogopa? Pia hilo sijaliona.

Na gazeti la karatasi lenyewe linaenda. Siku moja litaisha, na gari lake litaisha kimya kimya vile treni iliisha 1988, na mtu wa miaka ishirini mwaka 2060 atataka kujua mafungu yalifungwa kwa kamba ya rangi gani. Atauliza nani?

Kwa hivyo kama una mikono ya kutengeneza vitu, tengeneza mbaya. Kama una simu tu, inatosha. Ukipita stage usiku huu, omba ruhusa kwa huyo jamaa wa mizigo, piga picha buti likiwa wazi kabla halijafungwa, na uandike tarehe.