Picha ya Ubongo Si Hukumu

Kijana wa kwaya katika usharika niliokuwa nikihudumu alianguka na bodaboda bila kofia ngumu. Siku ya tatu, nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, mzee mmoja wa kanisa aliniambia, "Mchungaji, CT-Scan imeshasema. Tuanze kupanga mengine." Jioni ileile mhubiri mmoja alimwambia mama yake kwamba ameona katika maono kijana akitembea, basi wamtoe hospitali wampeleke kwenye maombi. Nilinyamaza mbele ya wote wawili. Leo sinyamazi. Walikosea wote, na kosa lao ni moja: walidai kuujua mwisho.

Nianze na mzee wetu. CT-Scan ni zawadi ya Mungu. Tangu mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha hiyo ya kichwa huko London mwaka 1971, madaktari huona damu iliyovilia ndani ya fuvu na kuwahi upasuaji. MRI huonyesha zaidi: nyuzi za ubongo zilizokatika, na majeraha ya shina la ubongo, ambayo mara nyingi ni dalili mbaya. Sibishani na hayo. Lakini picha huonyesha jeraha, haionyeshi kesho. Daktari mwaminifu huisoma pamoja na umri wa mgonjwa, jinsi mboni zinavyoitikia mwanga, na kipimo cha fahamu kilichotungwa Glasgow mwaka 1974. Hata akijumlisha yote, anachopata ni uwezekano kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Hapati hatima ya huyu mmoja mwenye jina la ubatizo.

Tena mwili unaweza kumficha mtu. Mwaka 2006 watafiti nchini Uingereza walieleza habari za mwanamke aliyeumia ajalini, ambaye kwa miezi alionekana hana fahamu. Walipomwambia awaze anacheza tenisi, ubongo wake ulionekana kwenye MRI ukitii kama wa mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 utafiti wa wagonjwa 241 wasioweza kutii amri kwa mwili ulikuta takribani mmoja kati ya wanne akitii ndani ya ubongo. Ndugu zangu, tumepanga mazishi kando ya vitanda vingapi mgonjwa akisikia?

Hatari kubwa zaidi ni utabiri unaojitimiza. Mtu akihesabiwa amekufa, matunzo hupungua, naye hufa. Kisha tunasema picha ilisema kweli. Kwetu mashine si lazima izimwe. Inatosha michango ikome, na mama abaki peke yake kumgeuza mgonjwa asipate vidonda.

Na mhubiri je? Yeye aliita imani kile kilichokuwa kubashiri. Kumwondoa mgonjwa kwenye oksijeni ili kuthibitisha maono ni kumjaribu Bwana. Kijana asipotembea, atakayelaumiwa ni mama, kwamba hana imani. Luther alifundisha Heidelberg mwaka 1518 kwamba Mungu hujulikana katika mateso na msalaba. Anayehubiri utukufu tu humwacha mama huyu bila Mungu.

Mtaniuliza: je, familia iuze shamba lote ikingoja? Hapana. Uko wakati wa kumwachilia mgonjwa, wala si ukosefu wa imani. Lakini wakati huo hutambuliwa kwa kungoja, kumpima tena na tena, na kuzungumza na madaktari. Haujulikani kwa picha moja ya usiku wa kwanza.

Kijana yule hakufa kama mzee alivyodhani, wala hakutembea kama maono yalivyodai. Yuko hai, upande wa kulia umelemaa, majina humpotea, na kwaya ikiimba hutikisa kichwa kwa mapigo. Usharika wetu uliacha kumtembelea mwezi wa pili. Nami nilikuwa mchungaji wake.

Eutiko alipoanguka kutoka dirishani kule Troa, Paulo alishuka kwanza, akamkumbatia, ndipo akasema neno. Sisi tunatoa neno tukiwa bado juu ghorofani. Tushuke. Kila jumuiya iwe na zamu ya kumtembelea mgonjwa wa namna hii, na zamu hiyo isiishe mwezi wa pili.