Wimbi, Litungu na Chungu Kimoja

Mtu akitajiwa safari ya mapumziko katika Kenya, mara fikira zake huteremka Pwani: Mombasa, Malindi, Lamu, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hapana ubaya. Watu wa Pwani wamejua tangu kale kumkirimu mgeni. Walakini njia itokayo Kitale hata Bungoma, ambayo wasafiri wengi huipita mbio wakiwaza biashara zao, nayo ina mambo yake, na mengi katika hayo yashikamana na nafaka moja ambayo punje yake haizidi sana ile ya haradali. Nafaka hiyo ni wimbi.

Wabukusu huuita bulo. Unga wake, ama peke yake ama uliochanganywa na mtama au muhogo, husongwa busuma, ugali mgumu wenye rangi ya udongo mwekundu, ambao humshibisha mtu wa jembe hata jua lichwe. Huliwa kwa kuku, na firigisi huwekewa mwenye nyumba. Nyumba nyingi zimeona ugomvi kwa ajili ya kipande hicho kidogo. Siku ambayo hapana kuku, kuna kunde, chisaka na mrenda. Mpishi hodari huutia mrenda kumusherekha, yaani maji makali yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe, nayo huilainisha mboga kwa namna isiyowezekana kwa chumvi ya dukani. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon chipukizi za mianzi hukaushwa kwa moshi, kisha hupikwa pamoja na karanga zilizopondwa. Wagisu wa upande wa Uganda huziita malewa. Na Wasabaoti walio karibu na Kitale wana mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa. Mgeni aionaye rangi yake ya majivu hudhani yameharibika, mpaka ayaonje.

Lakini wimbi si chakula tu. Kila mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, Wabukusu huwatahiri vijana wao. Kabla ya siku yenyewe kijana huteka maji na kuyamimina katika chungu cha pombe ya wimbi. Huzunguka kwa jamaa akipiga njuga ili kuwaalika. Hufika kwa mjomba wake, ambaye humchinjia ng'ombe na kumvika shingoni kipande cha nyama. Alfajiri ya siku ya kutahiriwa hupakwa tope mtoni, akarudi nyumbani katikati ya waimbaji. Tangu hapo huhesabiwa katika rika mojawapo la marika 8, Kolongolo, Maina, Chuma na mengineyo, ambayo hurejea kwa zamu, hata jina la rika la mtu hupata kuvaliwa tena na vitukuu vyake. Wazee hukizunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija mirefu, kila mtu akikaa mahali pa rika lake.

Hapo ndipo litungu hulia. Ni ala ya jamii ya kinubi: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili, na nyuzi 7. Zamani nyuzi hizo zilikuwa za kano za mnyama. Siku hizi mafundi wengi hutumia uzi wa nailoni wa wavuvi. Mpigaji huwataja wenyeji na wazee wao, huwasifu, na pengine huwachoma kwa maneno ambayo mtu mwingine hangethubutu kuyasema mbele yao. Katika hoteli mpigaji huyo huyo hupewa dakika chache, mbele ya watu asiowajua hata baba zao. Atamsifu nani?

Sasa wimbi wenyewe unapungua mashambani. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 mahindi chotara ya H611 yakatolewa kwa wakulima. Mahindi hayo yalijaza magunia, na mwenye ekari mbili na watoto wa shule halaumiwi kwa kuyachagua. Wimbi huinamiwa na kupaliliwa kwa mkono, na ndege huupenda mno. Hata hivyo mkulima ajue kwamba wimbi hukaa ghalani miaka mingi bila kuliwa na fukusi, na kwamba una madini ya kujenga mifupa mara nyingi kuliko mahindi. Tena Agosti ikifika, yule aliyeuacha hulazimika kwenda sokoni kuununua kwa bei aipendayo mwenye duka.

Pale Kitale ipo Nyumba ya Makumbusho. Asili yake ni vitu alivyokusanya Luteni Kanali Hugh Stoneham, Mzungu aliyependa sana wadudu na ndege, ambaye alianza makumbusho yake mwaka 1926 na kufariki mwaka 1966, akiwa ameviusia kwa taifa. Nyumba ya sasa ilifunguliwa mwaka 1974, nayo ina vyombo vya makabila ya jirani. Mwalimu awapelekapo watoto huko hufanya vema. Na awapeleke pia kwa fundi wa litungu angali hai, kwa kuwa ala hukaa kabatini pasipo kuharibika, lakini majina ya wazee wa kila ukoo yamo kichwani mwa mpigaji, wala hayakuandikwa po pote.