Kuukuu au ya Kale? Hatima ya Magofu ya Magari Kaskazini Mashariki

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Methali hiyo hutumiwa pale jambo linapokuwa limekosa dawa, na ndivyo yanavyochukuliwa magari makongwe ya Garissa, Wajir na Mandera. Nyuma ya gereji, kando ya vituo vya polisi na katika nyua za wafanyabiashara wa zamani, zimo Land Rover zilizowekwa juu ya mawe na malori ya Bedford yaliyobaki kichwa na chesesi. Hewa kavu ya huko haiyali magari kwa kutu upesi kama hewa ya Mombasa. Kinachoyamaliza ni mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kiswahili kina namna mbili za kukitaja kilichopitwa na wakati. Kitu kuukuu ni kilichochakaa; kitu cha kale ni kilichodumu. Nyumba iliyoporomoka huitwa gofu, na magofu ya Gede yalitangazwa kuwa eneo la kihistoria tangu 1927. Gofu la gari huitwa mkweche, likachekwa, likauzwa kwa kilo. Makala haya yanadai kwamba magofu ya magari ya Kaskazini Mashariki ni ya kale, si kuukuu tu, na kwamba kuyayeyusha kabla ya kuyaandika ni kuchoma kumbukumbu za watu ambao historia yao tayari imeandikwa kwa uchache.

Si kila gari bovu lina historia. Teksi iliyokufa Nairobi ni moja kati ya maelfu. Kaskazini Mashariki hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa eneo hilo lilifungwa. Sheria ya kikoloni ya 1902, ikaimarishwa na nyingine ya 1934, ilimzuia mgeni kuingia bila kibali. Gari lililofika huko enzi hizo lilikuwa la serikali, la jeshi, au la mfanyabiashara aliyeruhusiwa. Nyuma ya kila kibali palikuwa na kisa.

Mapema mwaka 1941, majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yaliondoka Garissa na Bura kuwashambulia Waitaliano nchini Somalia. Walikuwamo askari wa Afrika Mashariki, Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini. Kati ya Tana na Juba hakuna mto wa kudumu, hivyo maji, petroli na chakula vilibebwa kwa malori. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Vitabu vya vita hivyo vinawataja majenerali kwa majina. Dereva na taniboi hutajwa kwa idadi, wakitajwa.

Kisha vikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na mabomu yaliyotegwa barabarani. Mabomu hayo hayakubagua Land Rover ya polisi na lori la mchuuzi wa sukari. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa na kusombwa kwa malori hadi uwanja wa ndege wa Wagalla, ambako wengi waliuawa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imehifadhi maneno ya walionusurika. Vyombo vilivyowabeba havikuhifadhiwa na yeyote. Hata baada ya 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka, magari nayo yalivuka mpaka pamoja na wakimbizi.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 haisaidii sana. Kwa mujibu wake, kifaa cha kale kinachohamishika ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza 1896! Hakuna gari la Kenya litakaloweza kutimiza sharti hilo. Mlango uliochongwa kabla ya 1946 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki umetajwa waziwazi kuwa kitu kinacholindwa, na ni haki yake. Hata hivyo sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza kitu kingine chochote chenye thamani ya kihistoria au kitamaduni kuwa chini ya ulinzi. Mlango wa sheria, basi, uko wazi. Aliyebisha hodi kwa niaba ya lori hajaonekana.

Si kwamba Wakenya hawajui thamani ya gari la zamani. Tangu 1970 Nairobi imekuwa na mashindano ya Concours d'Elegance, ambamo magari makongwe husuguliwa hadi yakang'ara. George Adamson, aliyewahi kuwa bwana nyama katika kaskazini hiyohiyo, aliuawa Kora, kando ya Tana, tarehe 20 Agosti 1989. Gari lake lenye matundu ya risasi limehifadhiwa Elsamere, Naivasha. Ni sawa kabisa. Swali ni kwa nini matundu ya risasi yawe historia Naivasha na yawe chuma chakavu Garissa.

Wapo watakaohoji kwamba mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame hawezi kuambiwa alinde lori bovu. Hoja hiyo ina uzito. Tena, ekseli ya gari lililokufa hubeba mkokoteni wa punda wa kuuzia maji, na springi yake hufuliwa ikawa kisu; huko nako ni kuendelea kuishi. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, ilikuwa inalinda nyaya za umeme, wala marufuku hayo hayakudumu.

Kinachodaiwa hapa ni kidogo zaidi: maandishi yatangulie mizani. Namba ya chesesi, picha, jina la mmiliki wa kwanza, na maneno ya wazee walioliendesha: hendeli ilizungushwaje, lori lililokwama mchangani liliopolewaje, na kila tendo liliitwaje kwa Kiswahili cha barabara ile, ambacho hakimo katika kamusi zetu. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Garissa, Wajir na Mandera hupita kando ya nyua hizo kila likizo. Waanzie kwenye kibati cha namba: kikiwa na herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho, gari hilo lilisajiliwa kabla ya 1989, na huenda aliyelisajili bado yuko hai.