Kosa likinyamaza haina maana limepona

Wiki hii usingizi umekuwa wa shida, na safari hii si kwa ajili ya mtihani.

Mimi na mshkaji wangu wa chumbani tunatengeneza kiprogramu cha simu cha kuwafundisha silabi watoto wa darasa la kwanza. Mtoto akigusa "ba", simu inatamka "ba". Tunatumia SDL, ile maktaba ya programu aliyoianzisha Sam Lantinga mwaka 1998. Juzi tukaijaribu kwenye simu ya Android. Kimya! Ujumbe ukasema hakuna kifaa cha sauti.

Jamani, kifaa kipo! Simu hiyohiyo ilikuwa inapiga Bongo Fleva dakika mbili kabla. Tukazima, tukawasha, tukafuta programu, tukaiweka upya. Wapi!

Mshkaji akaja na dawa yake: akapanga SDL_AUDIODRIVER iwe "dummy". Ujumbe ukatoweka, akashangilia. Lakini hiyo ni draiva bandia, inapokea sauti na kuitupa tu. Yaani tulimziba mgonjwa mdomo halafu tukasema amepona.

Mimi nasema hivi: kabla hujailaumu simu, iulize maktaba yenyewe ina draiva gani. SDL_GetNumAudioDrivers inakupa idadi, SDL_GetAudioDriver inakupa jina la kila moja. Kwenye Android unategemea kukuta AAudio (kwa Android 8.0 ya mwaka 2017 kuendelea) au OpenSL ES. Sisi tulikuta moja tu: dummy!

Kumbe kosa letu wenyewe. Wakati wa kukompaili tulizima sehemu za sauti ili faili liwe dogo, tukasahau. Draiva ambayo haikuingia wakati ule haiwezi kujitokeza baadaye, hata uwashe simu mara mia. Tukazirudisha, tukakompaili upya, "ba" ikatoka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa nini nalikazania jambo hili? Kwa sababu mtoto wa darasa la kwanza hasomi ujumbe wa kosa. Angegusa "ba", asisikie kitu, akadhani yeye ndiye hajui. Sisi walimu watarajiwa tunamjua vizuri mwanafunzi anayeitikia "ndiyo mwalimu" huku hajaelewa. Tusitengeneze programu zenye tabia hiyo. Bora kosa lipige kelele tulisikie.

Naomba kuwasilisha. Asaimenti inaniita.