MWANAO HANA KIBURI, NGUO INAMUWASHA



Ndugu zangu katika imani, leo sina maneno matamu. Nimechoka kuletewa watoto wa miaka miwili niwasomee kwa kosa la kukataa kanzu.

Kesi zenyewe hapa kwetu Mchafukoge zinafanana. Mtoto akivishwa nguo yenye lebo shingoni analia mpaka sauti inakauka. Binti anavua mtandio wenye lastiki kidevuni. Mwingine hakanyagi mkeka wala mchanga. Wali mkavu anakula, ukimwagia mchuzi wa bamia anatapika. Uji ukiwa na bonge moja anautema wote. Hukumu inatoka upesi: baba anasema ana kiburi, bibi anasema mama yake kamdekeza, jirani wa ghorofa ya juu anasema ana jini. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyeigeuza ile nguo akaipapasa kwa ndani.

Tunajua hariri ni haramu kwa mwanamume. Lakini imepokewa kutoka kwa Anas, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (SAW) aliwaruhusu Abdurrahman bin Awf na Zubayr bin al-Awwam kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho uliowapata. Hebu tulia hapo. Hawa ni watu wazima, wapiganaji wa Badr. Hawakuambiwa wajikaze. Haramu ililegezwa kwa ajili ya ngozi inayowasha! Wewe unashindwa kukata lebo kwa mkasi?

Na chakula je? Nyumbani kwa Maymuna (RA) iliandaliwa nyama ya kenge wa jangwani. Mtume (SAW) akaacha kuila. Khalid bin al-Walid akauliza kama ni haramu, akajibiwa kuwa sivyo, ila si chakula cha nchi ya watu wake na nafsi yake haikipendi. Khalid akavuta sahani akala. Hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyechekwa.

Sasa angalia sisi. Mtoto analazwa mapajani, anabanwa pua, anamiminiwa uji. Wallahi hiyo si malezi, ni dhulma, na ni hatari: anayelia huku anamezeshwa uji unaweza kumwingia kwenye mapafu. Sala yenyewe, nguzo ya dini, mtoto haamrishwi mpaka afike miaka saba. Nani kakupa ruhusa ya kumpiga wa miaka miwili kwa sababu ya mlenda?

Wenzangu tunaosoma watu, hili ni letu. Sikatai majini, Qur'ani ina sura nzima kwa jina lao. Ila naona mama anatoka dukani kwake Kariakoo na faida ya wiki nzima, anaipeleka kwa mtu wa makombe na hirizi, anarudi na mtoto yuleyule anayekataa nguo ileile. Mtume (SAW) aliwaombea kinga Hasan na Husein mwenyewe. Msomee mwanao Falaq na Naas kabla ya kulala. Hiyo haina malipo.

Na nyinyi akina baba mnaomtishia mke talaka eti kakuharibia mtoto: rudini Suratul Baqara, aya ya 233. Hata kumwachisha mtoto ziwa Allah amekuweka kwenye maridhiano na mashauriano ya wazazi wawili. Wewe unashinda dukani, unarudi usiku na amri. Ulimlisha lini?

Mtaniambia, "Shekhe, tukimwacha ataota mapembe." Sijasema mwacheni. Mzoesheni. Nguo mpya ifueni mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, mshono ukikwaruza mvisheni kwa kuigeuza nje ndani. Uji uchujeni. Wekeni bamia moja pembeni ya sahani yake, aione, aiguse, msimsemeshe neno. Leo ataisukuma, kesho ataishika, huenda wiki ya sita akailamba. Mpeni mchele mkavu achezee, mpeni donge la unga wa chapati alikande pamoja na mama yake. Ni kazi ya miezi, na subira hatukuambiwa ni ya misibani tu.

Lakini msigeuze maneno yangu kuwa sababu ya kutokwenda hospitali. Mtoto akipungua uzito kwenye kadi ya kliniki, akipaliwa mara kwa mara, akiwa haitiki jina lake, au maneno aliyokuwa nayo yakapotea, mpelekeni. Anzeni kliniki anakopimwa, waelezeni yote, pamoja na hili la nguo na vyakula, waombeni wawaelekeze Muhimbili kama ipo haja. Wapo wataalamu wa utengamao waliosomea kumzoesha mtoto kwa michezo, chuo chao kipo KCMC Moshi. Wengine watakuta ni usonji, wengine watakuta si ugonjwa wowote, ni mtoto mwenye ngozi na ulimi mwepesi. Hilo waamue wao, si mimi na wala si jirani wa ghorofani.

Idi inakuja. Mtaa wa Kongo umejaa kanzu za darizi na magauni ya lasi yanayokwaruza kama dodoki. Asiyeweza kuyavaa aje na fulana yake kuukuu ya pamba, safi, akae karibu na baba yake. Atakayemnyooshea kidole mtoto huyo aje aniulize mimi.

Wabillahi tawfiq.